Vitafunwa vya kuuza shuleni: anza na kilichopo stoo, halafu piga hesabu

Leo sizungumzii viuatilifu wala palizi. Nazungumzia kashata. Msicheke, mkifika katikati mtaona kwa nini nimeiweka hapa na sikuiacha kwa akina mama wa mapishi.

Vijana watatu walinifuata ofisini wakiwa na karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ni wa kikundi cha watu wanane, wanalima ufuta na muhogo huku kwetu Kilwa. Shule ya msingi ya kijijini kwao ilikuwa inajiandaa na mahafali ya darasa la saba, na kamati ya shule iliwaomba wauze vitafunwa siku hiyo. Makubaliano yalikuwa kwamba mtaji unarudi kwenye kikundi na faida yote inakwenda kukarabati tanki la maji ya mvua, maana lina ufa na watoto wanabeba maji kwenye madumu kutoka nyumbani. Swali lao lilikuwa moja tu: kaka, tupike nini?

Nikaisoma karatasi. Keki, sambusa za nyama, vitumbua, biskuti, juisi ya embe. Mahafali yenyewe ni Septemba, embe huku kwetu bado ni mchanga, lakini juisi ya embe imo. Chini wamejumlisha: shilingi 85,000. Nikauliza hela inatoka wapi. Wakaniambia ndiyo akiba yote ya kikundi.

"Nyumbani mna nini?"

"Hatuna kitu kaka. Tuna ufuta tu."

Ufuta tu! Mtu anaishi Mkoa wa Lindi, mkoa ambao ukitaja ufuta Tanzania nzima lazima uutaje, halafu anasema ufuta tu. Nikaendelea kuwadodosa. Babu wa mmoja ana minazi. Muhogo upo shambani, hauna haraka. Nyuma ya nyumba ya mwingine kuna mbuyu mkubwa ambao hakuna anayeuhesabu kuwa mali. Basi nikawaambia karatasi ile tuigeuze, tuandike upande wa pili.

Nianze na kwa nini nilizikataa zile za mwanzo, kwa sababu najua wengi wenu mkiambiwa kuna shughuli shuleni kitu cha kwanza kichwani ni keki. Keki inahitaji unga wa ngano, mayai, siagi au mafuta, sukari, hamira ya keki, na moto unaotulia. Kati ya hivyo kijana wa Kilwa ana mayai peke yake, tena kama kuku wametaga. Vingine vyote unanunua dukani kwa bei ya rejareja. Oveni hakuna, utapika kwa sufuria, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, na asiyezoea anatoa keki iliyoungua chini na mbichi katikati. Ukishaunguza moja, faida ya nne zinazofuata imekwenda. Sisemi keki ni mbaya. Nasema si kitu cha kujifunzia siku ambayo akiba yote ya kikundi iko mezani.

Vitumbua navipenda kuliko mtu yeyote, lakini kitumbua ni cha moto. Mchele unalowekwa usiku, unasagwa, unakandwa na tui, unaumuliwa, na kikishaiva kina saa chache za uhai. Hotuba za mahafali mnazijua. Ratiba imeandika saa 4, mgeni rasmi anafika saa 6, na watoto wanaruhusiwa kununua saa 8 mchana. Chakula chenye tui kilichopikwa alfajiri kikae kwenye joto letu hadi saa 8 ni kutafuta kesi. Sambusa ya nyama ndiyo usiseme.

Maandazi je? Maandazi ni rahisi, ila kuna mama mmoja anauza maandazi na mihogo hapo shuleni siku zote za mwaka. Ndiyo riziki yake. Nyie mnakuja siku moja, tena siku yenye watu wengi kuliko zote, mnaweka meza ya maandazi mbele yake? Nikawaambia waende wamsalimie, wamwombe yeye aendelee na maandazi yake, wao walete kitu ambacho yeye hauzi. Walikwenda. Baadaye ndiye aliyewaazima masinia.

Sasa nikiri kosa langu mwenyewe, ili msidhani nazungumza kama mtu ambaye hajawahi kumwaga kitu. Miaka kadhaa nyuma, nikiwa mgeni kazini, nilikishauri kikundi kimoja kupika kashata za nazi kwa ajili ya siku ya wazazi kwenye shule fulani. Nazi tulikuwa nazo, tena bure. Tukapika siku mbili kabla ili kesho yake tupumzike. Tukazifunga kwenye vifuko vya nailoni zikiwa bado na joto, kwa sababu usiku ulikuwa umeingia na kila mtu anataka kwenda kulala. Siku ya shughuli tunafungua ndoo: vifuko vyote vina matone ya maji ndani, kashata zinanata, na nyingine zimeanza kuota ukungu wa kijani. Zaidi ya kashata 200 zikaenda shimoni. Nazi ilikuwa bure, lakini sukari haikuwa bure, na kikundi kile kilichukua muda mrefu kuniamini hata kwenye mambo ya mbolea.

Nilichojifunza pale ni kwamba nazi mbichi ina maji mengi. Kashata ya nazi lazima uikoroge mpaka mchanganyiko uache kushika pembeni mwa sufuria na ujikusanye kama donge, uipike jioni ya kuamkia shughuli na si kabla ya hapo, na uiache ipoe kabisa kwenye sinia, ikifunikwa kitambaa safi, ndipo ufunge. Kitu cha moto kikifungwa kinatoa jasho, na jasho hilo ndilo linaloleta ukungu. Na tafadhali, msitumie chicha. Kuna watu wanakamua tui la mchuzi halafu chicha wanaifanya kashata. Mtoto hatakwambia kitu, ila hatarudi mara ya pili.

Kwa hiyo vijana wangu tukawaelekeza kwenye ufuta kama kitafunwa kikuu. Kashata ya ufuta ni punje kavu na sukari iliyoiva. Haina tui, haina yai, haina maziwa. Haiharibiki mchana mmoja wala miwili. Haihitaji mafuta ya kukaangia. Inapikwa kwenye sufuria moja. Na malighafi yake iko kwenye kiroba nyumbani.

Hapo kwenye kiroba ndipo kazi yangu kama bwana shamba inapoanza. Ufuta wao mwingi ulikuwa umeshapita mnadani kupitia AMCOS, wamebakiza kidogo cha kula na kidogo cha mbegu. Nikawaambia walete wote nione. Cha kwanza kutenganisha ni mbegu. Ufuta wowote uliochanganywa na dawa ya kuhifadhi, au mbegu ya pakiti iliyopakwa dawa, hauingii jikoni. Kuosha hakutoshi, kukaanga hakutoshi. Ukiona punje zina rangi usiyoijua au unga unga mweupe na harufu ya duka la pembejeo, rudisha stoo, andika juu ya kiroba kwa wino mkubwa, na usiwaachie wadogo zako wakisie.

Cha pili ni mchanga. Ufuta wa kula waliouleta ulikuwa mweupe mzuri, Lindi 2002, mbegu iliyotoka Naliendele, lakini ukiweka punje kidogo mdomoni unasikia kwaruu. Walipura juu ya ardhi tupu. Kila mwaka naimba turubai, turubai, turubai, watu wanaona nawasumbua. Mnadani mchanga unajificha ndani ya gunia, unapunguza daraja na unalalamika bei ni ndogo. Kwenye kashata haujifichi. Mtoto wa darasa la tatu akiuma mchanga mara moja anatangaza darasa zima. Tukaupepeta kwa ungo, tukauosha kwenye beseni kwa kuukoroga na kuuchota juu juu huku mchanga ukibaki chini, maji matatu, kisha tukauanika juu ya turubai safi mpaka ukakauka kabisa. Kazi ya siku nzima kwa kilo 3. Yule kijana mwenye ufuta akasema mwakani ananunua turubai. Nimeandika tarehe.

Palitokea na mvutano. Mmoja wao alikuwa na karanga za mama yake, karibu nusu gunia, za msimu wa nyuma. Alitaka kashata za karanga ziwepo, na kusema kweli kashata za karanga zinauzika kuliko za ufuta. Nikazimwaga karanga kwenye sinia. Nyingi zimesinyaa, nyingine zina madoa meusi, kuna zenye ukungu wa kijani na manjano, na zilinukia uvundo. Akaniambia, "Kaka, tukichagua mbovu tukatoa, zinazobaki tukikaanga sana hakuna shida."

Shida ipo. Ukungu ule unatengeneza sumukuvu, na sumukuvu haiuawi na moto wa jikoni. Karanga inaweza kuonekana nzima na sumu imo, kwa sababu imekaa gunia moja na mbovu. Haina ladha wala harufu ya kukuonya. Mwaka 2016 watu walifariki katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na chanzo kilikuwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Kwa mtoto mdogo kiasi kidogo kinatosha kumdhuru, na ikiingia mwilini kidogo kidogo kwa miaka inakula ini. Nikamwambia sitamzuia mama yake kufanya atakavyo nyumbani, ingawa pale pia ningemshauri asizile wala asiwape kuku. Lakini mezani kwa watoto wa watu, kwa jina la kikundi, hapana. Alinuna. Nusu gunia si kitu kidogo kwa mama yake, namwelewa. Mwaka huu amenifuata mapema kuuliza jinsi ya kukausha karanga juu ya chanja badala ya kuzirundika ndani zikiwa na unyevu, na hilo nitaliandikia siku nyingine kwa urefu.

Sasa hesabu, ambako ndiko nilikotaka kufika. Wakati tunapanga gharama, vijana waliandika sukari, iliki, mkaa, karatasi. Ufuta hawakuuandika. Nikauliza ufuta uko wapi. "Huo ni wetu kaka, bure."

Vijana, hakuna ufuta wa bure. Kilo 3 zile zilikuwa za mtu mmoja kati ya wanane. Angeweza kuziuza. Kama kikundi kinazitumia bila kuziandika, basi yeye peke yake ameichangia shule kilo 3 za ufuta na wenzake wamechangia maneno. Siku ya kugawana mtaji atadai, wao watasema ulitoa mwenyewe, na kikundi kitakufa kwa ajili ya kashata. Nimeshaona vikundi vikifa kwa vitu vidogo kuliko hivyo. Zao lako liandike kwa bei ambayo ungelipata sokoni siku hiyo, kama vile umelinunua kwako mwenyewe.

Hesabu tuliyofanya ni hii. Bei nitakazotaja ni za mfano, wewe weka za kwako. Pishi moja la kashata ni vikombe 2 vya ufuta, kama gramu 300, na kikombe 1 cha sukari, gramu 200. Ukitoa kinachobaki kwenye mwiko na kinachomomonyoka, unapata kama gramu 480 za kashata. Ufuta ukiwa shilingi 3,500 kwa kilo, gramu 300 ni 1,050. Sukari ikiwa 3,000 kwa kilo, gramu 200 ni 600. Weka iliki na limau 100, mkaa 300, karatasi 100. Jumla 2,150.

Ukikata vipande vya gramu 20 unapata 24, ukiuza mia mia unapata 2,400. Faida 250. Mtu anasimama juani kwa 250! Vijana walitazamana. Lakini mngeacha ufuta nje ya hesabu mngeamini mmepata 1,300, mngekwenda kwa mwalimu mkuu kifua mbele, kumbe sehemu kubwa ya hiyo "faida" ni ufuta wa mwenzenu.

Tukaangalia nini kinaweza kusogea. Bei haisogei, kwa sababu mtoto wa shule ya kijijini anakuja na mia, akibahatika mia mbili. Ukiweka kashata 200 anakwenda kwa mama wa maandazi. Kinachosogea ni kisu. Ukikata vipande vya gramu 15, vyembamba, upana kama nusu ya kiberiti, pishi lile lile linatoa 32. Ni 3,200, faida 1,050. Kinachosogea kingine ni moto: ukipika mapishi kumi mfululizo kwenye jiko moja, mkaa hauwi 3,000, kwa kuwa jiko likishashika halianzi upya. Sisi tulikadiria 1,500. Kwa kilo 3 za ufuta na kilo 2 za sukari ikawa hivi: ufuta 10,500, sukari 6,000, iliki na limau 1,000, mkaa 1,500, karatasi 1,000. Jumla 20,000. Vipande 320 kwa mia ni 32,000. Faida 12,000.

Kumbuka karatasi yao ya kwanza ilikuwa 85,000, bila hesabu ya mauzo hata mstari mmoja. Na katika hii 20,000, hela taslimu ya kutoa mfukoni ni 9,500 tu. Ikiharibika yote, kikundi bado kipo.

Upikaji wenyewe hauchukui muda, ila unataka utulivu. Kaanga ufuta mkavu kwa moto mdogo, ukikoroga bila kuacha, mpaka uanze kurukaruka na kunukia, rangi ibadilike kidogo tu. Ukiungua unakuwa mchungu na hakuna sukari itakayoficha. Umimine pembeni. Kwenye sufuria weka sukari, robo kikombe cha maji, matone machache ya limau na chumvi kiasi cha kushika kwa vidole viwili. Limau linazuia sukari isirudi kuwa chenga. Iache ichemke bila kuikoroga hadi iwe na rangi ya asali. Dondosha tone kwenye maji baridi: likivunjika kwa mlio, imeiva, likivutika kama ubani, bado. Hapo mwaga ufuta na iliki, koroga haraka, mimina kwenye sinia lililopakwa mafuta, sukuma kwa kipini cha chapati au chupa iliyopakwa mafuta mpaka iwe nyembamba. Kata ikiwa bado ya moto. Una dakika mbili, tatu hivi. Ikishapoa haikatiki, inavunjika ovyo, na mkisha kuuza vipande visivyolingana ndipo watoto wanapogombana.

Sukari iliyoiva inaunguza vibaya kuliko maji ya moto, kwa sababu inaganda kwenye ngozi. Wadogo wasiwe karibu na jiko. Ikikumwagikia, maji baridi safi kwa muda mrefu, usiibandue, kimbia zahanati.

Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na kashata ya ufuta inavuta unyevu huo ikawa laini na kunata. Ikipoa tu iingie kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, karatasi kati ya tabaka na tabaka. Pika siku moja kabla, inatosha.

Muhogo niuseme kwa kifupi. Kripsi za muhogo zinakaa vizuri na mtoto anazipenda kwa chumvi na pilipili kidogo, ila mafuta ya kukaangia ndiyo yanayomeza faida, na lazima ujue muhogo unaoukata ni wa aina gani. Kiroba na mingine mitamu, sawa. Muhogo mchungu una sumu inayohitaji kulowekwa na kukaushwa vizuri, hauliwi kwa kukaangwa tu. Kama hulijui jina la mbegu shambani, mwulize aliyekupa vikonyo. Kama naye hajui, acha.

Ubuyu ndio ulionishangaza. Ule mbuyu wa nyuma ya nyumba ulitoa ubuyu wa kutosha, ukapikwa kwenye sukari, iliki na chumvi kidogo, ukafungwa vifuko vya mia. Hauharibiki haraka, haunyeshewi na kazi, na unaweza kupikwa hata siku tatu kabla ukikaushwa vizuri. Shida ya ubuyu ni rangi. Vidole vyekundu vya watoto vinauza, na wapo wanaotia rangi yoyote yenye wekundu, hata isiyo ya chakula. Tulichemsha choya kavu kwa maji kidogo na kutumia maji yake. Wekundu wake si mkali kama wa dukani, lakini unaongeza uchachu mtamu, na choya yenyewe inaota bustanini. Ladha ile mimi naipenda zaidi.

Korosho waliniuliza, najua na nyie mtauliza. Zilizobanguliwa ni ghali mno kwa meza ya mia mia. Kubangua nyumbani kwa kuchoma kunatoa mafuta ya ganda yanayobabua ngozi, si kazi ya kufanya kwa haraka na watoto wakizunguka. Na msije mkaniletea kesi ya kununua korosho ghafi kwa kangomba eti ni za mahafali. Korosho ghafi njia yake ni chama na mnada.

Kabla ya kuweka meza, mwalimu mkuu na kamati ya shule lazima wajue mnauza nini, kwa bei gani, na hela inakwenda wapi, iandikwe. Elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016, michango iliwekewa utaratibu, kwa hiyo isije ikaonekana mnachangisha watoto kwa mlango wa nyuma. Kununua ni hiari. Wanaopika wapimwe afya, bwana afya wa kata atawaelekeza, na kipimo kinarudiwa kila miezi 6. Ndoo ya maji ya bomba na sabuni iwe karibu na meza, anayeshika hela asishike kashata. Na mwanafunzi asitolewe darasani kuja kuuza.

Siku ya mahafali nilipita mchana. Hotuba zilichelewa kama nilivyowaambia. Ubuyu uliisha kabla ya saa 9. Kashata za ufuta zilikuwa zinakwenda polepole, wanafunzi wengi walishatumia mia yao kwenye ubuyu, nikaanza kuwa na wasiwasi. Binti mmoja wa kikundi akapata wazo ambalo mimi sikuwa nalo: akafunga tano tano kwenye karatasi safi, akapita kwa wazazi waliokaa chini ya mwembe, akauza kwa jero kila kifurushi. Wazazi hawahesabu mia. Zilibaki kashata 27 tu, wakaninunulisha kwa nguvu, nikala hadi Nangurukuru.

Mwenye ufuta alilipwa 10,500 yake mbele ya wote, kabla ya kugusa kitu kingine, na ikaandikwa kwenye daftari la kikundi. Wiki iliyofuata alinipigia simu kuuliza kama duka la Kilwa Masoko linaweza kupokea kashata zake kila wiki. Nikamwambia linaweza, lakini hapo si meza ya siku moja tena: itabidi ahame kwenye jiko la nyumbani kwenda sehemu safi ya kupikia, aweke lebo yenye tarehe, atumie vifungashio vinavyokubalika, na aanze na ofisi ya SIDO Lindi apate barua ya utambulisho ya kwenda TBS, maana mjasiriamali mdogo anapewa alama ya ubora bila malipo kwa miaka 3 ya mwanzo. Akauliza itamchukua muda gani. Nikamwambia alete kwanza hesabu ya pishi moja, ufuta ukiwemo. Ameahidi kuileta Jumatatu.